Vidonge Vilivyovuka Ua

SEHEMU YA TISA

"Kumi na saba," Nesi Kindness alirudia.

Ninyi mliokaa juma zima mkijiuliza kama Bi Elinipendo angepata la kujibu, poleni kwa kusubiri. Alipata la kujibu, na afadhali asingepata.

"Labda ni panya," alisema.

Nesi Kindness aliweka kalamu chini. Kwenye trei mbele yake vidonge vyeupe vilikuwa vimepangwa mistari kama watoto wa kipaimara. Vilipaswa kubaki kumi na vinne.

"Panya anaiba, mama. Huyu wako ameongeza vitatu. Amevitoa wapi, kwake?"

Bi Elinipendo alirekebisha kitambaa kichwani. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mzee wa kanisa huko kwao Machame, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na kahawa iliyowatia majirani wivu. Maishani mwake alikuwa amesema uongo mara chache, na mara zote vibaya.

"Basi nilisahau kumeza. Siku tatu. Nilikuwa na msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa mtu."

Nesi aliandika. Kalamu ilipokwenda, moyo wa Bi Elinipendo ulikwenda nayo. Kwa miezi minne alikuwa akishuka Moshi mjini kwa ajili ya utafiti huu wa dawa mpya ya figo, na kwa miezi minne hakuwahi kuchelewa hata dakika tano. Alikuwa na sababu. Mumewe, marehemu Efraimu, aliondoka na ugonjwa huu huu, akiwa ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, mpaka siku mwili uliposema basi. Bi Elinipendo alimlilia Mungu kwamba yeye asifikishwe kwenye mashine ile. Utafiti huu ndio mlango pekee aliouona, na mtu akigundulika anachezea vidonge, anatolewa nje ya mlango.

"Mama, nakuuliza kwa upole. Kuna mtu mwingine anayegusa chupa yako?"

"Nani aguse? Naishi peke yangu na Mungu."

Mungu alisikia, na papo hapo akafungua mlango. Aliyeingia alikuwa Mzee Eliufoo.

Kwa wageni wa hadithi hii, Mzee Eliufoo ni shemeji yake Bi Elinipendo, kaka mkubwa wa marehemu Efraimu. Ana miaka sabini, figo mbovu kama za ndugu yake, na heshima moja ambayo hakuna aliyewahi kumpokonya: yeye ndiye mgawa nyama wa ukoo. Ana pia ugomvi. Kati ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na cha Bi Elinipendo kuna ua wa mimea ya masale, na Bi Elinipendo anasema ua huo ulitembea hatua mbili usiku mmoja bila kuwa na miguu. Tangu hapo, miaka sita, wawili hawa hawajasalimiana. Hapo kliniki mmoja hukaa karibu na mlango na mwingine dirishani, na hata mfagiaji anajua asiwachanganye.

"Shikamoo, baba," alisema Nesi Kindness.

"Marahaba, mwanangu. Naona humu kuna watu."

"Kuna watu," Bi Elinipendo aliuambia ukuta.

Nesi alipokea chupa ya mzee, akaimimina kwenye trei ya pili, akahesabu. Akahesabu tena.

"Kumi na moja. Baba, vimepungua vitatu."

"Mbuzi," alijibu Mzee Eliufoo bila kupepesa.

"Mbuzi amekula vidonge vya utafiti?"

"Alikula vitatu. Cha nne nilimuwahi."

"Na anaendeleaje?"

"Anakojoa vizuri mno."

Nesi Kindness alitazama trei ya kwanza, akatazama ya pili. Huku vitatu vimezidi, kule vitatu vimepungua. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeifanya, na Bi Elinipendo aliiona ikifanyika machoni mwa nesi, tarakimu kwa tarakimu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Lakini ninyi hamwongei," nesi alisema taratibu.

"Na huyu?" walijibu wote wawili kwa pamoja.

"Afadhali niongee na huyo mbuzi wake," Bi Elinipendo akaongeza, na safari hii hakuwa anadanganya.

Nesi akashusha pumzi. Watu wasiosalimiana kwa miaka sita watafanyaje njama? Ugomvi wao ukawa wakili wao, na kesi ikaelekea kufutwa.

Sisi, wasomaji wangu, tunajua zaidi ya nesi. Siku ya kwanza kabisa Daktari Rodrick aliwakusanya wagonjwa wote akawaeleza kila kitu. Wote wataendelea na dawa zao za presha kama kawaida. Juu ya hizo, nusu yao watapata dawa mpya, na nusu watapata kidonge kinachofanana nayo kwa kila kitu, ila ndani hakina kitu. Kompyuta ndiyo itakayochagua nani apate nini. Daktari hatajua, nesi hatajua, mgonjwa hatajua, hadi utafiti uishe, ili mtu asije akajidanganya mwenyewe. Wote walitikisa vichwa, wakauliza maswali, wakatia sahihi.

Bi Elinipendo alielewa vizuri sana. Tatizo ni kwamba alielewa akiwa Mchagga. Kwao mbuzi akichinjwa, kila mtu ana fungu lake, la mjomba ni la mjomba na la wanawake ni la wanawake. Hajawahi kutokea mtu akakabidhiwa jani la mgomba lililofungwa vizuri, halafu aje kuambiwa baada ya miaka miwili kwamba ndani hamkuwa na nyama.

Siku chache baadaye alikuwa akikata majani ya ng'ombe aliposikia sauti upande wa pili wa masale.

"Wewe. Nyama haigawanywi na kompyuta."

"Nani anaongea?" Bi Elinipendo aliuliza, akiendelea kukata.

"Leta chupa yako. Nichanganye na yangu, nigawe nusu kwa nusu. Mmoja wetu akiwa na dawa, wote tumepata."

"Na salamu?"

"Salamu hazimo."

Wakakubaliana hivyo hivyo, bila salamu. Kila walipotoka kliniki, chupa ya Bi Elinipendo ilivuka ua, ikalala kwa shemeji, asubuhi ikarudi. Wala hawakujiona wakosaji. Walijiona wanasahihisha kosa la kompyuta.

Haya, turudi chumbani, maana mlango umesukumwa kwa nguvu na Daktari Rodrick ameingia na karatasi mkononi.

"Mzee Eliufoo yuko wapi?"

"Nipo hapa nasingiziwa."

"Kaa chini. Hapana, lala. Kindness, kitanda! Mzee, potasiamu kwenye damu yako ya asubuhi ni sita nukta nane."

"Hiyo ni nzuri?"

"Hiyo inasimamisha moyo."

Kabla mzee hajapata neno, alikuwa amelala chali, shati wazi, waya zimebandikwa kifuani, mashine inalia pii, pii, na sindano ya kulinda moyo inaingia polepole mkononi. Daktari alikuwa akiongea huku akifanya kazi. Potasiamu ni chumvi inayoendesha mapigo ya moyo. Figo nzima huitoa ikizidi, figo mbovu huiacha ijae. Dawa mpya inaweza kuipandisha, ndiyo maana wanapimwa damu kila wanapokuja. Na ndizi zinaipandisha.

"Mzee, nilikwambia ndizi uchemshe, umwage maji, uchemshe tena ndipo ule. Unafanya hivyo?"

"Daktari, nimekuheshimu siku zote. Usinitukane nikiwa nimelala."

"Na mtori wa ndizi?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Sufuria."

Daktari alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Kindness, piga simu makao ya utafiti. Tunafungua siri ya chupa yake. Kama anameza dawa yenyewe, hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa, tunaikatisha leo. Kama ni kidonge kitupu, basi tatizo liko kwingine, na hatuna muda wa kulitafuta mahali pasipo."

Bi Elinipendo alisikia, akaelewa. Chupa ingesema jambo moja, na tumbo la mzee lina jambo jingine. Siri ikifunguliwa ingesema uongo, na daktari angeuamini.

Alisogea hadi kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kumkaribia shemeji yake bila masale katikati.

"Inabidi tuseme," alinong'ona.

"Thubutu! Watakutoa."

"Watakutibu kwa jibu la uongo, wewe mzee."

"Na wewe utaishia kwenye mashine ya Efraimu. Ndicho unachotaka?"

"Nani kakwambia habari za mashine?"

"Unasali kila alfajiri kwa sauti ya muuza nyanya. Ukoo mzima unajua unamwomba Mungu nini."

"Na ukifa?"

"Nikifa utachukua hatua zako mbili, ufurahi."

Bi Elinipendo alimtazama yule mzee mkaidi, waya kifuani, nywele nyeupe zimesimama, midomo imekauka kwa woga anaouficha. Alimpenda. Alikuwa akimpenda miaka yote hiyo sita, na jambo hilo lilimkera kuliko ua wa masale. Akageuka.

"Daktari, tumegawana."

Nesi Kindness alikuwa na simu sikioni. "Mmegawana nini?"

"Vidonge. Vyangu na vyake. Nusu kwa nusu, kila mwezi."

"Lakini hamwongei!"

"Hatuongei. Tunagawana tu."

Daktari Rodrick hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kiti, akamtazama Bi Elinipendo kama mtu anayetazama nyumba yake ikivuja.

"Ahsante kwa kusema, mama," alisema mwishoni. "Kindness, waambie wafungue siri zote mbili."

Huko makao ya utafiti waliomba dakika tano. Na ni katika dakika hizo tano ambapo Nesi Kindness, binti wa Bomang'ombe aliyezoea kuhesabu, alizirudia zile trei mbili kwa macho. Uso wake ukabadilika.

"Subirini kwanza," alisema. "Mngekuwa mnachanganya na kugawa nusu kwa nusu, vilivyobaki vingekaribiana. Mmoja akisahau, pengo linaingia kwa wote. Hivi kumi na saba na hivi kumi na moja, haviwezi kuwa vimetoka kwenye mchanganyiko mmoja."

Jibu lilitoka kwenye mashine ya moyo. Ilianza kukimbia: pii-pii-pii-pii.

Wote watatu waligeuka kumtazama Mzee Eliufoo.

"Hiyo mashine ina mdomo," alisema mzee.

"Shemeji," Bi Elinipendo alisema, na neno hilo lilitoka lenyewe, bila ruhusa. "Ulikuwa unagawaje?"

"Sikuwa nagawa."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nabadilisha. Vyako vyote nahamishia kwangu, vyangu vyote nahamishia kwako. Halafu nakurudishia chupa yako."

"Kwa nini?"

Mzee alitazama dari. "Wiki ya kwanza, kabla hatujaanza mambo yetu, miguu yangu ilinywea. Viatu vikawa vinanivuka. Nikakuchungulia uani, yako bado imevimba vile vile. Nikajua kompyuta imenipa mimi nyama, wewe imekupa jani. Sasa ningefanya nini? Nusu ya dawa ni dawa? Nikakupa yote. Mgawa nyama hujikatia wa mwisho. Efraimu aliniachia mtu mmoja tu wa kumwangalia, na mtu mwenyewe hanisalimii."

Bi Elinipendo alijikuta analia, na kwa kuwa hakutaka kulia mbele ya shemeji, alipiga kelele.

"Muongo mkubwa wewe! Na hivyo vitatu?"

"Mwezi huu nilikwenda kuzika Sanya Juu, chupa nikaisahau nyumbani siku tatu. Niliporudi ndipo tukabadilishana. Baadaye nikakumbuka Kindness anahesabu. Nikameza vitatu kwa mpigo kufidia, asije akanisuta. Nikasahau kwamba vile vitatu vyenyewe vilishavuka ua, viko kwenye chupa yako."

"Kwa hiyo mbuzi?" aliuliza nesi.

"Mbuzi hana hatia."

Simu ikaita.

Nesi Kindness aliipokea, akasikiliza, akaandika mstari mmoja, akaandika wa pili. Kisha akasoma kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Chupa ya Mzee Eliufoo: kidonge kitupu. Chupa ya Bi Elinipendo: dawa."

Mzee alicheka kidogo, cheko la mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha akasikia.

Tufanye hesabu pamoja naye, maana aliifanya polepole na usoni. Dawa ilikuwa kwenye chupa ya Bi Elinipendo tangu mwanzo. Kila mwezi mzee aliichukua yote akaimeza mwenyewe, akidhani anameza unga mtupu kwa ajili ya shemeji yake. Na kila mwezi alimvushia shemeji yake unga, akidhani anampa uhai.

"Nimekula nyama," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi. Nimemlisha jani mke wa Efraimu."

"Lala chini, mzee!"

"Na miguu ilinywea kwa nini?"

"Kwa sababu wiki ile ile nilikubadilishia dawa ya presha na kukukataza chumvi," alisema daktari, tayari akichukua sindano ya pili. "Lakini sikilizeni wote. Mama angenyamaza, simu hii ingeniambia mzee anameza kidonge kitupu. Ningetafuta ugonjwa kwingine, ningemrudisha nyumbani na chupa yake, na mle ndani ingekuwamo dawa ile ile iliyomfikisha hapa. Asingemaliza wiki. Sasa tunajua. Hii itaishusha potasiamu, na leo haendi popote."

Mashine ya moyo ilikuwa imeanza kutulia. Bi Elinipendo alikaa kwenye kiti cha nesi bila kuomba. Kisha, msiniulize kwa nini, akaanza kucheka.

"Miezi minne ya unga," alisema. "Na kila mliponiuliza nilisema najisikia vizuri. Nimetoa hadi shukrani kanisani! Mkungu mzima wa ndizi, na mchungaji akanitaja jina."

Hata Nesi Kindness alicheka, mkono mdomoni. Mzee Eliufoo peke yake hakucheka. Alikuwa ameugeuzia uso ukuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Bi Elinipendo aliinuka akamshika mkono, ule usio na sindano.

"Shemeji, umenidhulumu vibaya sana," alisema. "Na hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa namna hiyo. Sasa nyamaza, unamharibia daktari mashine."

Kisha akamgeukia daktari, kidevu juu, kama anavyosimama kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

"Haya. Mnanitoa lini?"

"Hilo ni la kamati, mama. Nitawaandikia yote, na jina langu litakuwamo maana ninyi ni wagonjwa wangu. Kinachonihangaisha sasa hivi si kamati." Akatazama huku na huku mezani. "Damu ya mama ya asubuhi imesharudi?"

Kijana wa maabara alikuwa amepitisha karatasi chini ya mlango wakati wote wakisikiliza simu. Nesi Kindness aliiokota. Aliisoma akiwa ameinama, na hakuinuka haraka.

Daktari alinyoosha mkono akaichukua. Alisoma mstari wa juu. Akachukua faili la miezi minne iliyopita, akaweka karatasi mbili pamoja, akazitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu chochote siku hiyo.

"Mama," aliuliza kwa upole uliomtisha Bi Elinipendo kuliko kelele zote, "viatu ulivyovaa ni vyako?"

"Ni vya mwanangu Aika. Vyangu vinabana tangu mwezi juzi. Uzee."

"Na tangu jana asubuhi umekojoa mara ngapi?"

Bi Elinipendo alifungua kinywa kusema lile jibu la siku zote, kwamba yeye ni mzima, hana tatizo, ahsante. Halafu akaona kwamba leo uongo umemwishia.

"Mara moja," alisema. "Kidogo."

Nesi Kindness hakusubiri kuambiwa. Alivuta kitanda cha pili, akakitandika shuka kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akapiga simu chumba cha mashine za kusafisha damu kuuliza kama kuna nafasi leo hii.